Paneli Zinatosha, Umeme Hautoshi: Kulinganisha Ampea za Paneli na Vikomo vya Inverta ya Nyumbani

Mtu anayenunua sola kwa ajili ya nyumba yake huulizwa dukani swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni la wati: anataka paneli za wati ngapi, na inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa umeme wa vifaa vya nyumbani) ya kVA ngapi, yaani ya ukubwa gani. Swali hilo si baya, ila halitoshi. Wati ni zao la volti kuzidishwa kwa ampea, na inverta ina kikomo cha volti na kikomo cha ampea, kila kimoja peke yake, mbali na kikomo cha zao lenyewe. Ndiyo sababu paneli 8 za wati 550 zinaweza kufungwa na fundi mmoja zikatoa karibu wati 3,800 adhuhuri ya jua kali, kisha paneli zilezile, kwenye inverta ileile, zikafungwa na fundi mwingine kwa mpangilio tofauti zikagota chini ya wati 3,000. Hakuna kifaa kilichoharibika. Mwenye nyumba akirudi dukani kulalamika, huenda akauziwa paneli nyingine mbili ambazo zitamsaidia kidogo sana au zitamwongezea hatari.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili anazoziona mwenye nyumba na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Kupanda juu ya paa na kufungua nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni, ile inayotolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA nchini Tanzania au EPRA nchini Kenya. Lakini kusoma skrini na kupiga hesabu ni kazi anayoiweza mwenye nyumba, na ni vema aifanye kabla fundi hajaitwa.

Namba za kuanzia

Nyuma ya kila paneli kuna lebo, na ubavuni mwa inverta kuna nyingine. Kwenye lebo ya paneli tafuta alama nne. Voc ni volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote. Isc ni ampea za shoti, yaani zile zinazopita ncha mbili za paneli zikigusanishwa. Vmp na Imp ni volti na ampea za paneli inapotoa nguvu yake ya juu kabisa. Paneli ya wati 550 iliyozoeleka siku hizi, yenye nusu-seli 144 za upana wa milimita 182, huwa na Voc ya karibu volti 49.6, Vmp ya 41.8, Imp ya ampea 13.1 na Isc ya ampea 14. Namba hizo hupimwa kiwandani mwanga ukiwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi joto 25, hali ambayo juu ya bati la Kigamboni saa saba mchana haipatikani. Huko seli hufika nyuzi 60 au zaidi, volti hushuka, ilhali ampea hubaki palepale au hupanda kidogo sana.

Kwa upande wa inverta, tuchukue mfano wa kVA 5 inayotumia betri ya volti 48: ingizo moja la paneli, volti zisizozidi 500, eneo la kufanyia kazi kati ya volti 120 na 450, ampea za kazi zisizozidi 18, ampea za shoti zisizozidi 22, nguvu ya paneli isiyozidi wati 5,500, na kuchaji betri kwa ampea zisizozidi 100. Inverta yako inaweza kuandika 13, 22 au 27 mahali pa 18. Badilisha namba, hesabu itabaki ileile.

Katika vikomo hivyo kuna tofauti ambayo mtu akiielewa vizuri, nusu ya tatizo imekwisha. Volti zikizidi, inverta huungua, kwa sababu vipande vyake vya ndani hupokea volti zote zilizopo kwenye waya, vitake visitake. Ampea za kazi zikizidi, inverta haiungui, kwa sababu paneli haisukumi ampea ndani kwa nguvu. Inverta ndiyo inayovuta, nayo huvuta hadi kikomo chake na kuziacha zilizobaki juu ya paa. Kikomo cha ampea za shoti ni jambo jingine: hicho huhusu siku ambayo waya chanya na hasi zimefungwa kinyume, au kipande cha ndani kimekufa na kupitisha kila kitu, na paneli zikaweza kumwaga Isc yake yote ndani ya inverta bila kizuizi. Kuzidi kikomo cha ampea za kazi ni hasara ya wati. Kuzidi kikomo cha ampea za shoti ni kuondoa kinga, na dhamana ya kifaa huondoka nayo. Ikiwa kitabu cha inverta kinataja namba moja tu ya ampea bila kusema ni ya aina gani, ichukulie kuwa ndiyo kikomo cha shoti, upange paneli zako chini yake.

Dalili: jua ni kali, lakini paneli zinaonyesha wati chache

Kabla ya kuzilaumu paneli, tazama betri. Katika mfumo ambao haurudishi umeme kwenye gridi, paneli hutoa kile tu kinachotakiwa na betri pamoja na vifaa vya nyumbani. Betri ikijaa saa tano asubuhi, na nyumbani kukawa na friji na taa mbili tu, skrini itaonyesha wati 200 hata kama juu ya paa kuna uwezo wa wati 4,000. Hili ndilo lalamiko la mara kwa mara kuliko yote, na mara nyingi si tatizo hata kidogo.

Skrini yenyewe hutoa ushahidi. Chukua mlolongo wa paneli 8 zilizofungwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja ikiunganishwa na hasi ya inayofuata. Zikiwa na joto la nyuzi 60 na zinafanya kazi kwa nguvu zote, volti zake huwa karibu 293 na ampea karibu 13. Zikiwa zimeachwa bila kuvutwa, volti hupanda hadi karibu 359 na ampea hushuka hadi 1 au 2. Basi ukiona volti ziko juu na ampea chache, inverta haijaomba umeme. Paneli ziko tayari. Washa pasi au birika la umeme, usubiri dakika moja au mbili. Wati za paneli zikipanda kwa kiasi kile cha pasi, mfumo ni mzima.

Huenda betri haijajaa na bado wati hazipandi kupita kiwango fulani hadi uwashe pasi. Hapo kinachozuia ni mpangilio wa ampea za kuchaji. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), ikiwekewa kikomo cha ampea 50 kama watengenezaji wengi wanavyoshauri, hupokea karibu wati 2,650 na si zaidi. Betri nne za asidi za Ah 200 zilizofungwa kwa mfululizo hupaswa kuchajiwa kwa ampea kati ya 20 na 40, yaani karibu wati 1,000 hadi 2,000. Mwenye nyumba ambaye ana paneli za wati 4,400 na betri kama hizo atajaribiwa kupandisha mpangilio huo hadi 80 ili aone namba kubwa kwenye simu yake. Ninamsihi asifanye hivyo. Betri za asidi zikichajiwa kwa kasi hiyo huchemka na kukauka maji, na gharama ya kuzibadili huzidi kwa mbali thamani ya wati alizozifuata.

Dalili: kila siku ya jua wati hugota kwenye namba ileile

Hii ndiyo dalili hasa ya ampea kutolingana. Ikiwa inverta ina programu ya simu, fungua grafu ya siku moja isiyo na mawingu. Mfumo usiozuiwa na kitu huchora mlima wenye kilele cha mviringo. Mfumo unaogonga kikomo huchora mlima uliokatwa kichwa: mstari hupanda tangu asubuhi, ukifika saa nne na nusu au saa tano hulala sawasawa, kisha hushuka alasiri.

Mstari uliolala unaweza kusababishwa na vikomo vitatu tofauti, na jaribio la pasi huvitenganisha. Ukiwasha pasi na wati za paneli zikapanda, kikomo kilikuwa upande wa betri kama ilivyoelezwa hapo juu. Ukiwasha pasi na wati za paneli zikabaki palepale, huku ampea za kuchaji betri zikipungua ili pasi ilishwe, kikomo kiko upande wa paneli. Sasa soma ampea za paneli kwenye skrini. Zikiwa 18 kamili, au ile namba iliyo kwenye lebo ya inverta yako, zisizosogea dakika baada ya dakika, umepata chanzo. Ampea zikiwa chini ya kikomo lakini wati zimefika 5,500, kikomo ni cha nguvu. Na ampea zikiwa chini ya kikomo, wati pia chini, na volti zimeshuka hadi kwenye Vmp, basi inverta inavuta kila kilichopo, na jibu utalipata kwenye vumbi, kivuli, joto au waya.

Mara nyingi mpangilio unaoleta dalili hii ni mmoja: paneli 8 zimegawanywa katika milolongo miwili ya paneli 4, kisha milolongo hiyo ikaunganishwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Katika mfululizo volti hujumlishwa na ampea hubaki zilezile. Katika sambamba ampea hujumlishwa na volti hubaki zilezile. Kwa hiyo milolongo miwili inaleta ampea 26.2 kwenye ingizo linalovuta 18. Inverta itavuta ampea 9 kutoka kila mlolongo, volti zitapanda kidogo kwa sababu paneli hazijavutwa hadi mwisho, na adhuhuri ya joto utapata karibu volti 164 mara ampea 18, ambazo hazifiki wati 3,000. Tena Isc ya pamoja ni ampea 28, nayo imepita kikomo cha shoti cha 22, jambo ambalo lingetosha peke yake kuukataa mpangilio huo hata kama wati zisingepotea.

Marekebisho hayahitaji kununua kitu. Fundi akizifunga paneli zote 8 kwa mfululizo, ampea zitakuwa 13.1, chini ya 18. Isc itakuwa 14, chini ya 22. Voc itakuwa volti 397, chini ya 500. Na adhuhuri ileile itatoa karibu volti 293 mara 13.1, yaani karibu wati 3,800. Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye lebo: waya wa milimita 4 za mraba, ukienda mita 20 na kurudi mita 20, una ukinzani wa karibu omu 0.2. Ampea 26 zikipita humo hupoteza zaidi ya volti 5 kati ya 167, yaani asilimia 3, ilhali ampea 13 hupoteza volti 2.6 kati ya 334, ambazo hazifiki asilimia 1.

Kwa nini mafundi wengi wanapendelea sambamba? Walijifunza kazi kwenye inverta ambazo ingizo lake halikuvumilia volti zaidi ya 145 au hata 100, zikalazimisha paneli mbili mbili au tatu tatu, na mazoea hayo yakahamia kwenye inverta za volti 450 na 500 ambazo zinataka kinyume chake. Upande wa paneli nao umebadilika. Paneli ya wati 330 yenye seli 72 za milimita 156 ilikuwa na Imp ya karibu ampea 9, na milolongo miwili sambamba ilileta ampea 18 tu. Seli zilipopanuka hadi milimita 182, na nyingine hadi 210, ampea zilipanda pamoja nazo, kwa kuwa ampea za seli hufuata ukubwa wa eneo lake. Paneli ya wati 600 yenye seli za milimita 210 ina Imp ya karibu ampea 17.3 na Isc ya 18.4. Hiyo inaingia kwa shida kwenye ingizo la ampea 18, na kwenye inverta ya zamani yenye kikomo cha 13 haifai.

Paneli zenye uso mbele na nyuma zinahitaji tahadhari zaidi. Zikifungwa juu ya zege lililopakwa chokaa au mchanga mweupe, mwanga unaorudi kutoka chini huongeza ampea. Lebo yake mara nyingi huonyesha Isc ya kawaida na Isc ikiwa upande wa nyuma umeongeza asilimia 10. Tumia hiyo ya pili, ambayo kwa paneli ya ampea 14 ni 15.4.

Ikiwa inverta ina maingizo mawili, hakikisha yote yanatumika. Utakuta milolongo miwili imebanwa kwenye la kwanza na la pili lipo wazi, wakati kila ingizo lina kikomo chake cha ampea na lingeupokea mlolongo mmoja bila shida.

Dalili: onyo la volti asubuhi, au inverta imezima moja kwa moja

Mfululizo hutibu ampea, lakini ukizidishwa huua. Voc hupanda kadiri seli zinavyopoa, karibu asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Paneli 10 kwa mfululizo ni volti 496 kwenye karatasi, na mtu anaweza kujiambia kwamba ziko chini ya 500. Asubuhi ya Julai Dar es Salaam, joto likiwa nyuzi 18, zinakuwa volti 505. Huko Kitulo, Makete, ambako Juni na Julai majani hufunikwa na sakitu, na vilevile Kinangop nchini Kenya, seli zinaweza kuwa kwenye nyuzi 0 jua linapochomoza. Paneli 10 zitatoa volti 529, na paneli 9 zitatoa 476, ambazo ni salama kwa inverta ya 500 lakini si kwa ile ya 450. Paneli 8 zitatoa 424, na zinafaa kote.

Fanya hesabu kwa asubuhi ya baridi kali zaidi unayoifahamu mahali hapo, uache na nafasi ya ziada. Onyo la volti likionekana hata mara moja, zima sakiti breka ya paneli, upunguze paneli moja kabla ya kuiwasha tena. Onyo hilo halipaswi kufutwa na kusahauliwa.

Dalili: inachaji asubuhi, saa sita inaacha

Hii huwashangaza watu, kwa kuwa jua limezidi na umeme umekatika. Chanzo ni mlolongo mfupi mno. Paneli 3 kwa mfululizo zina Vmp ya volti 125 kwenye karatasi; seli zikifika nyuzi 65 hushuka hadi karibu 108, chini ya volti 120 ambazo inverta inazihitaji. Ongeza paneli ya nne kwenye mlolongo huo, na uhakikishe kuna nafasi ya hewa ya sentimita 10 au 15 kati ya paneli na bati. Wati zikipungua polepole mchana bila kukatika, na feni ya inverta ikivuma, gusa boksi lake: inverta iliyofungwa ndani ya kabati hupunguza kazi yenyewe ili isiungue.

Dalili: paneli ya wati 550 haitoi hata 200

Inverta ndogo za volti 12 mara nyingi huwa na chaji kontrola (kidhibiti cha kuchaji betri) ya aina ya PWM ndani yake. Aina hii haibadili volti kuwa ampea. Huiunganisha paneli na betri moja kwa moja, kwa hiyo paneli inalazimika kufanya kazi kwenye volti za betri. Ampea zake karibu 13.5, mara volti 13.5 za betri, ni wati 180 hivi, na kiasi kingine chote cha wati 550 hakina njia ya kutumika. Kusafisha paneli hakutaleta badiliko. Suluhisho ni chaji kontrola ya pembeni ya aina ya MPPT, ambayo hubadili volti za ziada kuwa ampea, au paneli ya seli 36 iliyokusudiwa betri ya volti 12. Hakikisha pia kwamba Voc ya volti 49.6 haijapita kikomo cha kifaa hicho kidogo.

Dalili: baada ya kuongeza paneli, umeme umepungua

Paneli za zamani za ampea 9 zikiunganishwa kwa mfululizo na mpya za ampea 13, mlolongo mzima utapita kwenye ampea za zile ndogo. Paneli 4 za wati 330 pamoja na 4 za wati 550 zina jumla ya wati 3,520, lakini zikiwa mlolongo mmoja zitatoa karibu 2,900. Ziweke kwenye maingizo tofauti. Kivuli cha mnazi au cha tangi la maji kilichoangukia paneli moja nacho huupunguza mlolongo mzima, na kwenye grafu huonekana kama shimo linalojirudia saa ileile kila siku, tofauti na mstari uliolala.

Dalili: kiunganishi kimeyeyuka, au sakiti breka inanuka

Hapa zima mfumo leo hii. Viunganishi vya MC4 (plagi za nyaya za paneli) vya watengenezaji wawili tofauti vinaweza kuingiana na bado visigusane vizuri ndani, na ampea 13 zikipita kwenye mguso hafifu kwa saa nyingi huzaa joto la kuyeyusha plastiki. Waya, fyuzi na sakiti breka vichaguliwe kwa Isc mara 1.25, yaani ampea 17.5 kwa mlolongo wa ampea 14, kwa sababu katika nchi zetu mwanga unaweza kupita wati 1,000 kwa mita ya mraba kwa dakika kadhaa jua linapotokeza kati ya mawingu meupe.

Milolongo mitatu au zaidi sambamba huhitaji fyuzi kwa kila mlolongo. Mmoja ukipata hitilafu, miwili iliyo mizima itaumiminia ampea 28, wakati lebo ya paneli huruhusu fyuzi isiyozidi 25 au 30. Milolongo miwili haina hatari hiyo, kwa kuwa mmoja hauwezi kuupa mwenzake zaidi ya ampea 14.

Sakiti breka ya kawaida ya umeme wa nyumbani isitumike upande wa paneli. Umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inayotokea breka inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa DC, yaani ule wa mkondo mmoja unaotoka kwenye paneli, wa volti 300 haupiti sifuri kamwe; cheche huendelea kuwaka ndani ya breka hadi boksi lishike moto. Nunua breka iliyoandikwa DC na volti zinazozidi Voc ya mlolongo wako, na ufuate alama za chanya na hasi zilizo juu yake.

Kupima

Multimita ya kawaida inafaa kwa volti tu, nayo iwe ya volti 600 au zaidi. Isitumike kupima Isc, kwa kuwa nyingi zina fyuzi ya ampea 10 na paneli moja inatoa 14. Tumia mita ya klampu, na usome kwanza kama inapima DC, maana zile za bei nafuu hupima AC, yaani umeme wa aina ya gridi, peke yake na zitakuonyesha sifuri kwenye waya unaobeba ampea 13. Pima Voc ya kila mlolongo peke yake, huku sakiti breka ikiwa imezimwa. Ikipungua kwa volti 45 hivi kuliko mlolongo wa pembeni, kuna paneli nzima isiyohesabiwa. Ikipungua kwa 15 hivi, ni theluthi ya paneli, na diodi ya nyuma yake imekufa. Kiunganishi cha MC4 kisichomolewe ampea zikiwa zinapita.

Kuongeza paneli kwenye ingizo lililojaa

Mwenye paneli 8 zilizopangwa vizuri akitaka kufikisha 12 kwenye inverta ya mfano wetu, atakuta milango miwili imefungwa. Paneli 12 kwa mfululizo ni volti 595. Milolongo miwili ya 6 ni Isc ya ampea 28 dhidi ya 22. Kuna ushauri unaozunguka kwamba mlolongo mmoja uelekezwe mashariki na mwingine magharibi ili ampea zisifike pamoja. Ushauri huo una maana kwenye mapaa yenye mteremko mkali ya nchi za kaskazini. Karibu na ikweta, jua la saa sita likiwa utosini na paa likiwa na mteremko wa nyuzi 15, kila upande hupata karibu asilimia 97 ya mwanga kwa wakati mmoja, na ampea zitajumlishwa vilevile.

Njia iliyo wazi ni kuzipa zile paneli 4 chaji kontrola yao ya MPPT iliyounganishwa moja kwa moja na betri, kisha ampea zake za kuchaji zijumlishwe na zile za inverta, na jumla ikae ndani ya kile kinachovumiliwa na betri. Inverta mbili za aina moja zinazokubali kufanya kazi pamoja zitafaa pia, ila gharama yake ni kubwa.

Mwenye inverta yenye kikomo cha kazi cha ampea 22 na cha shoti cha 30 yuko katika hali tofauti. Kwake milolongo miwili ya 6 inaruhusiwa: ampea 26.2 zitakatwa hadi 22 kwa saa chache za adhuhuri, lakini asubuhi, jioni na siku za mawingu ya masika, ampea zinapokuwa chini ya kikomo, paneli 12 zitampa mara moja na nusu ya zile 8. Grafu yake itakuwa na kichwa kilichokatwa, na hapaswi kumwita fundi kwa sababu hiyo.